Kikapu cha Mama Probesheni

Sikumpenda, na ninaanza na hilo ili mtu asije akadhani ninamwimbia sifa. Watu wengi wa Makindye hawakumpenda. Wanaume walimwogopa, wanawake walimtumia kisha wakamsema, na wenyeviti wa mitaa walimsalimia kwa heshima ndefu halafu wakabadilisha njia wasikutane naye tena. Lakini mtoto akikosa chakula kwa sababu baba yake ameingia mitini, kila mtu alijua ni mlango gani wa kubisha. Alikuwa afisa wa ustawi wa watoto, ofisi ambayo sisi huku Kampala tunaiita probesheni, na yeye tulimwita Mama Probesheni. Jina lake ninalijua. Sikuwahi kumwita kwa jina hilo usoni, na leo sioni sababu ya kuanza.

Alikuwa mfupi, mnene, na miguu yake ilikuwa na tabia ya kuvimba asubuhi haijafika mbali. Kwa hiyo alivua viatu akavisukuma chini ya meza, na kesi zote alizisikiliza akiwa miguu mitupu. Mwanamume anaingia na suti yake na simu mbili, anakuta mama mwenye vidole wazi anakula gonja, ndizi ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti. Wengi walimdharau hapo hapo, na wakajuta baadaye. Mtu akilia mbele yake, yeye alikuwa anatafuna polepole, anamwacha alie mpaka achoke, kisha anauliza, "Umemaliza? Sasa tuzungumze mtoto." Mara ya kwanza nilipoyaona hayo nilisema moyoni, huyu mama hana roho. Baadaye nikaambiwa ana kisukari na anatakiwa kula kwa saa zake. Hata hivyo nadhani angekula tu.

Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea. Alikisema kwa ulimi wa Kiganda, maneno yanagongana, na akikasirika alikiacha kabisa. Sasa fikiria, sehemu kubwa ya watu waliokuja kwake walikuwa wa kambini: wake wa askari, wake wa polisi, watu wa kutoka kaskazini na West Nile, ambao ukiwasemesha Kiganda wanakutazama tu. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili ndiyo lugha niliyogombezwa nayo tangu utoto. Kiganda nilikijua kwa kuuza chai na chapati nje ya geti. Nilikwenda ofisini kwake kama mlalamikaji, nikakaa kwenye benchi siku nyingi nikisubiri, nikawa ninawasaidia wenzangu kueleza shida zao. Akanizoea. Ikawa akikwama ananitumia mtu getini, "Mwambie mama Hawa aache chapati zake aje." Hakunilipa. Alinipa chai yenye maziwa mengi na kiti karibu na dirisha.

Hawa ni binti yangu. Marehemu. Nasema mapema ili nisimdanganye mtu.

Baba yake alikuwa dereva wa lori la Juba. Mzuri wa kuzungumza, mkono wazi akiwa na pesa, na hana habari akiwa hana. Hawa alipoanza kutembea, baba akaanza kupotea. Safari ya wiki moja ikawa ya mwezi. Simu ikawa haishikwi. Nikasikia ana mwanamke mwingine upande wa Kibuye, na hilo halikuniuma kama lilivyoniuma kukoroga uji wa mtoto kwa maji matupu. Nikamfunga Hawa mgongoni nikaenda probesheni.

Nilidhani ataniuliza baba anapata mshahara gani. Kila mtu alidhani hivyo. Wanawake walikuwa wanakuja na majibu yao tayari, fulani analipwa kiasi hiki na ana pikipiki na kiwanja. Wanaume nao wanakuja na karatasi za mshahara zilizokatwa mikopo mpaka mwisho wake hakuna kitu. Mama Probesheni alikuwa anazisukuma pembeni zile karatasi bila kuzisoma. Zilikuwa na siku yake, kwa sababu mtu mwenye mshahara wa serikali akikaidi, aliandikiwa mahakama ya familia na watoto, na mahakama ikaamuru akatwe huko huko kazini kabla hajaushika. Lakini hapo mezani kwake hakutaka kuziona. Alikuwa anasema mshahara unajua kujificha, mtoto hajui. Kwa hiyo hesabu ilianza na mtoto.

Na ilianza sokoni. Hilo ndilo lililomfanya ajulikane. Alikuwa na kikapu kikubwa cha miyaa, kimeshonwa mpini kwa waya, kinakaa nyuma ya mlango. Siku ya hesabu alivaa viatu vyake kwa taabu, akampa baba kile kikapu, tukatoka kwa miguu mpaka sokoni, baba mbele, yeye katikati, mama wa mtoto nyuma. Sheria zilikuwa mbili. Baba anunue kila kitu ambacho mtoto wake anatumia kwa wiki, kwa pesa yake, kwa mkono wake. Na mama asifungue mdomo. Mwanamke akisema hata neno moja, "sukari hiyo ni kidogo" au "umesahau sabuni," alirudishwa ofisini akangojee huko. Tukirudi, kikapu kinamwagwa mezani, na jumla ya vile vitu ndiyo inakuwa pesa ya matunzo ya wiki. Kikikosekana kitu ambacho mtoto lazima akipate, baba alirudi sokoni peke yake. Yeye Mama Probesheni alikaa, akavua viatu, akamsubiri.

Nimewaona wanaume wakubwa wakitoka jasho mbele ya mafungu ya nyanya. Alikuja mmoja, mtu mwenye cheo na gari na dereva, akasema hana muda wa soko, aambiwe tu ni kiasi gani atoe. Akaambiwa gari libaki. Sokoni alikwenda vizuri, akanunua unga wa posho, maharage, mchele, nyama hata, anatupa noti bila kungoja chenji, na watu wanamtazama. Tukafika kwa muuza viatu vya shule. Akachagua, akalipa, akaweka kwenye kikapu. Tuliporudi, Mama Probesheni akavitoa vile viatu akaviweka mezani mbele ya mama wa mtoto, halafu akamwita mtoto mwenyewe aliyekuwa amekaa nje. Msichana mrefu wa darasa la tano. Viatu vilikuwa vya mtoto wa chekechea. Yule mzee akavitazama viatu, akamtazama binti yake, akaomba maji ya kunywa. Tangu siku hiyo alilipa, tena kabla ya siku yake. Mama Probesheni alitusimulia kisa hicho miaka yote, na kila mara alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule mtoto akijaribu kuingiza vidole.

Baba Hawa naye alikwenda sokoni. Nilitembea nyuma nimefunga mdomo. Alinunua posho, dagaa wa mukene, karanga, mayai machache, maziwa, sabuni ya kipande, makaa ya debe dogo. Aliuliza bei kwa utani, akapunguziwa, kwa sababu wauzaji walimpenda. Nilikiri moyoni kwamba alijua kununua. Jumla ilipotoka haikuwa mbaya. Mama Probesheni akamwambia ada ya shule, siku ikifika, nusu yake ailipe moja kwa moja shuleni, na matibabu vile vile nusu, kwa kuona risiti. Akakubali, akaweka sahihi, akambusu Hawa kwenye paji la uso, na kwa muda mrefu alilipa. Simsingizii.

Sasa mtu asidhani Mama Probesheni alikuwa upande wa wanawake. Hata kidogo. Mama akija amemtukana baba wa mtoto barabarani, alianza kwa kumtia adabu yeye. Aliwahi kumsimamisha mwanamke mmoja akamuuliza ile pesa ya maziwa imefikaje kichwani mwake ikawa nywele. Zawadi alizirudisha: kuku wamerudishwa wakiwa hai, mafuta ya kupikia yamerudishwa na chupa yake. Isipokuwa ndizi bogoya. Bogoya alikula mbele ya aliyezileta, akamaliza, halafu akaamua kesi dhidi yake. Hilo lilikuwa linawachanganya watu sana.

Na yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume aliyemlea bila baba. Baba alikuwa hai, mtu wa maana, anaishi hapa hapa mjini na nyumba ya ghorofa. Mama Probesheni hajawahi kumdai shilingi. Siku moja tukiwa wawili nilimuuliza, wewe unayeburuta wanaume wa Makindye wote sokoni, kwa nini wako umemwacha? Akatafuna. Halafu akasema kwa kile Kiswahili chake, "Mimi na yule hatuwezi kwenda soko moja. Nitamwua kabla ya nyanya." Akacheka. Nikacheka na mimi. Lakini baada ya hapo alikuwa mkali siku nzima, na mama mmoja asiye na kosa aliona cha moto.

Kitu kingine alichokiamini ni kwamba hesabu hailali. Mtoto anakua, baba anaachishwa kazi, mama anapata biashara, anazaliwa mwingine. Mtu yeyote kati ya wale wawili aliruhusiwa kuja kusema hali imebadilika. Lakini maneno hayakumtosha. Alikwenda kuona. Alipanda boda na miguu yake ile iliyovimba, akaingia nyumba za watu bila taarifa, akafunua sufuria. Baba akisema hana kitu na sufuria ina nyama, pesa iliongezwa hapo hapo. Baba akisema hana kitu na kweli hana, ilipunguzwa. Wanawake walimchukia kwa hilo la pili. Mimi nilimtetea, ninakumbuka, nilikuwa nawaambia pale kwenye benchi kwamba haki ni haki.

Halafu ikaja zamu yangu. Safari za Juba zilikuwa zimekuwa za shida, mwenye lori akauza moja ya magari yake, na baba Hawa akawa anapata safari moja pale alipokuwa anapata tatu. Akaja ofisini kuomba apunguziwe. Mama Probesheni akaenda Kibuye kuona. Akarudi, akaketi, akavua viatu, akaniita. Nilidhani ananiita kama mama wa mtoto. Aliniita kama mkalimani, kwa sababu baba Hawa Kiganda hakijui na yeye alitaka kila kitu kieleweke. Kwa hiyo niliketi pale katikati, nikatafsiri. Nikamwambia yule mwanamume, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba afisa ameona chumba chake, ameona mapacha wachanga juu ya godoro lisilo na shuka na mama yao akinywa uji, na kwamba wale nao ni watoto. Nikamwambia kwamba pesa ya Hawa inapungua kwa theluthi. Nikatafsiri na shukrani zake. Mama Probesheni akanisifu kwamba nimefanya kazi vizuri.

Ningeweza kulimeza hilo. Wale mapacha sikuwa na ugomvi nao. Shida ni kwamba wakati huo Hawa alikuwa ameanza kuumwa sana. Alikuwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu. Tuliijua tangu alipokuwa mdogo, na miaka ya kwanza ilikuwa mara moja moja, vidole vinavimba, analia, inapita. Alipoingia darasa la tatu ikawa kila mvua ikinyesha. Maumivu ya miguu, ya mgongo, ya kifua, mtoto anauma kitambaa ili asipige kelele kwa sababu majirani wamelala. Tukawa watu wa hospitali ya Mulago. Kliniki kila mwezi, na katikati ya kliniki analazwa.

Na Mulago hawakunidai. Hilo ndilo ambalo watu wakisikia wanasema, basi una bahati. Dokta hakuomba kitu, kitanda hakikuwa na bei, damu ilipopatikana mtoto alitundikiwa bure. Lakini boda kutoka Makindye mpaka Mulago si bure, na mtoto mwenye maumivu humpakii kwenye teksi ya kubanana akaguswa na kila mtu. Chakula cha wodini unanunua nje. Na siku ninayokaa naye wodini, chapati hazijakaangwa. Nikikosa siku nne mfululizo, wateja wamehamia kwa mwingine, unga umeharibika, na kodi ya chumba haijui kwamba mtoto anaumwa. Kwa haya yote hakuna mtu anayeandika risiti. Ugonjwa wa Hawa ulikuwa unanila mzima mzima, na kwenye meza ya Mama Probesheni ulikuwa haupo.

Nikaenda kuomba aongeze. Sikwenda kama mkalimani. Nilivaa gauni langu la Idi, nikapanga foleni kwenye benchi na wenzangu, nikaingia zamu yangu ilipofika. Nikamweleza nauli, chakula cha wodini, siku zangu zinazopotea. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza risiti za hospitali. Nikasema anajua hazipo.

"Basi nitaweka nini kwa kikapu?" akasema. "Boda haiingii kwa kikapu. Siku yako haiingii kwa kikapu. Kesho kila mama ataleta siku zake hapa."

Nikamwambia aje Mulago aone, kama anavyokwenda kufunua sufuria za watu. Hapo akainua macho. Akasema miguu yake haiwezi zile ngazi, na kwamba Mulago haina cha kumwonyesha, mgonjwa ni mgonjwa. Kisha akainama karibu, akasema polepole kwa Kiganda ili nielewe kila neno. Akasema baba Hawa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja Juba. Akimwongezea shilingi, ule mguu wa ndani utatoka, na hakuna mahakama ya Makindye itakayomfuata kule. Akaniuliza ninataka hiki kidogo au ninataka sifuri. Nikamwambia ninataka mtoto wangu. Akaniambia nirudi mvua zikiisha, tutatazama tena.

Hakuwa mwongo katika hilo la Juba. Nimeshaona wanaume wengi wakipotea njia ile. Ndiyo maana nilitoka nikiwa nimenyamaza, na ndiyo maana hasira yangu haijapata mahali pa kukaa mpaka leo.

Mvua hazikuisha. Asubuhi moja Hawa aliamka akishindwa kuvuta pumzi vizuri, kifua kinambana. Ndani hamkuwa na pesa, nilikuwa nimetoka wodini naye wiki ile ile na sikuwa nimekaanga kitu. Kijana wa boda niliyemzoea nilikuwa na deni lake, na hakuwa kijiweni. Nikagonga kwa jirani, nikagonga kwa mwenye duka, nikampigia baba yake, simu ikazimwa. Wengine walikuwa hawana, wengine walikuwa wameshanikopesha. Nauli ilipopatikana ilikuwa mchana. Wodini walimpokea vizuri, walifanya yote, siwezi kusema neno baya juu yao. Alikaa siku mbili. Dokta alinieleza habari ya mapafu. Sikumuuliza kama tungefika asubuhi ingekuwaje, na sitaki mtu aniambie.

Tulimzika siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo kwetu. Baba yake alifika, alilia kuliko mimi. Mama Probesheni alikuja watu wameshaanza kutawanyika. Hakunishika mkono, hakusema pole. Alikwenda nyuma ya nyumba, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda akaosha masufuria ya msiba na wanawake wa mtaa, yote, kisha akaondoka.

Bado kulikuwa na faili la kufunga. Pesa ya matunzo haikomi hivi hivi. Inakoma mtoto akifika miaka kumi na minane, au akiwa hayupo tena, na wazazi wote wawili waje waweke sahihi. Niliambiwa nije, na nikaambiwa hakuna mkalimani mwingine. Nikamtafsiria baba Hawa kwamba kuanzia leo hadaiwi. Yeye Mama Probesheni alikuwa anatazama kikapu chake nyuma ya mlango muda wote. Nilipomaliza nikasimama, nikamwambia asinitumie mtu tena getini. Hakutuma.

Ilipita miaka. Nilisikia amestaafu, mguu mmoja umekatwa vidole kwa sababu ya sukari, anaishi na mwanawe upande wa Kibuli. Nilihamia na mimi karibu na huko, nikafungua kibanda kidogo cha chakula. Tungeweza kukutana kila wiki kama ningetaka. Sikutaka.

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua Mulago, nikampelekea supu. Kutoka huko, nikakosea kona, au miguu yangu ilijua inakokwenda, nikajikuta kwenye korido ya kliniki ya watoto wa siko seli. Mabenchi ni yale yale, wamama wale wale, sura tu zimebadilika. Na kwenye benchi la ukutani, fimbo imeegemezwa magotini, gauni lake la gomesi limebana tumbo, alikuwa Mama Probesheni. Ameisha. Uso umeingia ndani, macho yana ukungu. Kwa upande mmoja amekaa mwanamke kijana. Kwa upande wa pili mwanamume mwenye sare ya kampuni ya ulinzi, anatazama saa, na mapajani mwake amelala mtoto wao wa kike, mnyonge, macho ya njano. Mwanamume yule alikuwa amemshika vibaya, mkono wa mtoto unaning'inia.

Nilitaka kupita. Alinijua kwa sauti, nilipoomba njia. Akasema, "Mama Hawa. Kaa."

Sikukaa. Nikamuuliza anafanya nini huku na miguu ile. Akasema afisa kijana aliyechukua ofisi yake humletea wale walio wagumu, na kwamba huyu baba tayari amekwenda sokoni, sasa amekuja huku. Tangu alfajiri. Amepanda boda na mtoto, amelipa mwenyewe, amepanga foleni, ameacha kazi leo na bosi wake amempigia mara mbili. Akina baba wote wenye mtoto mgonjwa yeye huwaleta huku, akasema, mpaka dokta anamjua.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Hawa," akasema.

Hakuomba radhi, na uso wake haukuwa unaomba. Nilisimama pale nimeshika chombo kitupu cha supu, na nitasema nilichohisi: nilimchukia kuliko siku ya maziko. Miguu ilimshinda kwa mwanangu akiwa hai, na sasa mmoja umekatwa vidole na bado inapanda ngazi kwa ajili ya watoto wa watu. Nilitamani kumwambia hivyo mbele ya wale wamama wote. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Ndipo yule mtoto akajikunja, akalalama kidogo, akauma ukosi wa sare ya baba yake.

"Huyu ni mtu wa Arua," Mama Probesheni akasema. "Kiswahili changu hasikii. Mwambie wewe. Nauli ya kuja na kurudi. Chakula ya wodi. Na siku ya mama yake, kila siku anakaa hapa hafanyi kazi. Yote inaingia."

Nikaketi. Nikaweka chombo chini. Kwanza nilimwonyesha jinsi ya kumshika mtoto, mkono mmoja chini ya magoti, asimbane kifua. Kisha nikamwambia yule mwanamume, moja moja, kwa Kiswahili cha kambini ambacho hakina pa kujificha. Nauli alikubali, maana ilikuwa imemtoka asubuhi ile. Chakula alikubali. Nilipofika kwa siku za mama wa mtoto aliinua kichwa, akamtazama yule mwanamke kijana, halafu akanitazama mimi.

"Siku zake pia nilipe? Kwani yeye anafanya nini hapa? Si anakaa tu?"

Mama Probesheni alinigeukia aambiwe kimesemwa nini. Sikumtafsiria. Nilimjibu mwenyewe.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Siku zake pia."